Ni Spika au Ni Wimbo? Kutafuta Kasoro ya Redio ya Nyumbani kwa Rekodi Zinazoaminika

Jirani yangu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alinigongea mlango Jumapili moja mchana akiwa amenuna. Spika zake alizokaa nazo miaka kumi na mitano "zilikufa", hilo ndilo neno lake: kila mwimbaji akifika kwenye herufi S anapiga mluzi, na matoazi yanalia kama maji yanayochemka sufuriani. Zile za zamani alishampa shemeji yake, akanunua mpya. Mpya nazo hazikumaliza siku mbili, mluzi ukawa uleule. "Nimeuziwa feki, mwanangu," akaniambia.

Nikamwomba flashi anayopigia. Ilikuwa na nyimbo mia sita alizowekewa na vijana wa mtaani, na karibu kila wimbo haukufika hata MB 2. Spika sikuzigusa.

Kisa hicho nimekutana nacho kwa sura nyingi. Tunapima spika kwa wimbo, ila wimbo wenyewe hakuna aliyeupima. Fundi cherehani mwenye futi iliyokatika sentimita tatu atalaumu kitambaa mpaka achoke. Kwa hiyo kila dalili hapa chini naianzia kwenye rekodi, ndipo nije kwenye chanzo (simu, flashi, deki ya CD), kisha amplifaya na spika. Chumba nakiacha mwisho, ingawa mara nyingi ndicho mkosaji mkubwa.

Kabla ya yote, vua mapambo

Zima ikwalaiza. Rudisha besi na trebo katikati. Kitufe chochote kinachoahidi besi kubwa, "surround" au "3D", kizime. Kwenye simu zima Dolby Atmos pamoja na programu za kukuza sauti. Ukiunga simu kwa waya, ipandishe sauti karibu na mwisho wake, halafu rekebisha kwenye amplifaya.

Bluetooth iache kwanza. Nayo hubana sauti (hutupa sehemu yake ili iwe nyepesi) kabla ya kuirusha, na huwezi kujua imebana nini kama hujawahi kusikia wimbo huohuo kwa waya. Redio ya FM pia iweke kando: matangazo ya stereo ya FM yanaishia kilohezi 15 (hezi hupima wembamba wa sauti: chache ni besi, nyingi ni trebo), na vituo vingi hukandamiza muziki ili usikike mkubwa ndani ya daladala.

Rekodi za kuwa nazo mkononi

Rekodi ya kupimia ina sifa mbili kwangu: imetoka kwenye chanzo kisafi, na unaijua kama njia ya kurudi nyumbani usiku. Wimbo uliorekodiwa kwa ustadi mkubwa haukusaidii kama umeusikia mara moja tu, tena dukani. Muuzaji ana sababu zake za kuuchagua ule. Kwa kawaida una besi laini na mwimbaji wa kunong'ona, na wimbo wa namna hiyo hupendeza hata kwenye spika ya plastiki.

Anza na mtu anayeongea. Hakuna ala ambayo sikio linaifahamu kuliko sauti ya binadamu, na wahandisi wa BBC walipokuwa wakitengeneza spika zao walizilinganisha na mtu aliye hai akizungumza. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ulitoa mwaka 1988 diski ya kupimia iitwayo SQAM, yenye vipande 70: wanawake na wanaume wakisoma, kastaneti, kinanda cha hapsikodi, ala mojamoja za okestra, na kadhalika. Imewekwa kwenye tovuti yao, inapakuliwa bure bila kupunguzwa ubora. Wasomaji wake wanasoma Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, basi mimi nikajitengenezea ya kwangu. Nilimrekodi mke wangu akisoma gazeti uani, mbali na kuta ili kusiwe na mwangwi, kwa simu iliyowekwa kurekodi WAV, faili isiyobanwa. Sauti yake naijua. Spika ikimtoa kama mtu mwenye mafua au kama aliyeingiza kichwa ndani ya pipa, najua pa kuanzia.

Kisha tafuta sauti moja na ala moja. Albamu ya Ayub Ogada, *En Mana Kuoyo*, iliyotolewa na Real World mwaka 1993, imenifaa miaka mingi: nyatiti ina nyuzi nane, na kila uzi ukichomolewa una mwanzo mkali na mkia unaofifia taratibu. Kwenye redio nzuri unasikia kidole kikigusa uzi kabla ya noti. Wa pili ni "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, wa 1987, sauti tupu isiyo na ala hata moja. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa Wajerumani waliounda MP3, aliutumia huo kurekebisha kazi yao, kwa kuwa mwanzoni ubanaji uliiharibu vibaya sauti ile ya mwanamke peke yake.

Sasa linakuja jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulikubali. Ala moja ni nzuri kwa kupima uasilia, lakini ni mbaya kwa kutafuta mashimo na vilima vya spika, yaani noti inazozififisha na zile inazozivimbisha. Mwaka 1994 mtafiti Sean Olive wa kampuni ya Harman alichapisha majaribio ya kuona ni sauti gani zinamsaidia msikilizaji kutambua spika yenye kasoro hizo. Kelele ya pinki ilishinda, na kati ya nyimbo "Fast Car" wa Tracy Chapman ulikuwa juu. Vipande vya ala moja vikabaki nyuma. Ukifikiri, ndivyo inavyopaswa kuwa. Kasoro ikiwa kwenye noti ambayo haikupigwa, utaisikia vipi? Wimbo mnene, wenye ngoma, besi, gitaa na mwimbaji kwa pamoja, unapita kila ngazi.

Kelele ya pinki ni mshindo usio na noti, unafanana na mvua kubwa juu ya bati ukiwa ndani umelala. Programu ya bure ya Audacity inaitengeneza, pamoja na mlio unaopanda kutoka chini hadi juu. Weka vyote viwili kwenye flashi yako.

Ongeza wimbo mmoja wa dansi wa miaka ya 1970 kutoka studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyingi ya rekodi zile ni mono, na hapo ndipo faida yake ilipo, nitaeleza mbele. Mwisho uwe na rumba ya Kongo iliyorekodiwa studio nzuri, yenye sebene ndefu. Gitaa la solo, mi-solo na rizimu zinasukana kama ukili, na swali ni moja: unaweza kumfuata mpiga mi-solo peke yake kwa dakika nzima bila kumpoteza?

Dalili: herufi S inapiga mluzi, matoazi yanachemka

Angalia ukubwa wa faili kabla ya kitu kingine chochote. Wimbo wa dakika 4 kwa kilobiti 64 kwa sekunde una karibu MB 2. Kwa kilobiti 128 unafika MB 4 kasoro kidogo, na kwa 320 unakaribia MB 10. Wimbo huohuo kama ulivyo kwenye CD, yaani kilobiti 1,411 kwa sekunde, unakula MB 42. FLAC, inayobana bila kutupa kitu, mara nyingi huangukia kati ya MB 20 na 30. Ukiona MB 2, umeshampata mwizi.

Watu husema MP3 ndogo inakata sauti za juu. Ni kweli, ya kilobiti 128 kwa kawaida hukata kuanzia kilohezi 16. Ila si hilo linalokuumiza. Wengi wetu tuliopita miaka 50 huko juu hatusikii tena, mwite mtoto akusikilizie. Kinachoumiza ni kile kilichobaki. Matoazi, makofi, tari na herufi S ni sauti zenye vurugu nyingi, haziingii kwenye kifurushi kidogo, basi zinatoka zimechanwachanwa. Wimbo wa gitaa na sauti ya utulivu unaweza kunusurika kwenye faili hiyohiyo ndogo, na ndiyo sababu mwenye redio hukuambia "mbona mwingine unalia vizuri?"

Ukubwa nao hudanganya. Mtu anaweza kuchukua MP3 ya kilobiti 128, akaigeuza FLAC, ikawa MB 25 za maji matupu. Fungua faili hiyo kwenye Spek, programu ndogo ya bure inayochora sauti kwa rangi. Rekodi halisi kutoka CD huonyesha rangi zikipanda na kufifia kuelekea kilohezi 20 na kitu. Ya uongo ina ukuta: rangi zimekatwa kwenye kilohezi 16 kana kwamba kwa rula, juu yake giza.

Faili ikiwa safi na mluzi ungalipo, badilisha mwimbaji. Kama ni huyo mmoja tu, walimrekodi hivyo, maikrofoni ilikuwa mdomoni, msamehe uendelee. Kama ni wote, hata mke wangu na gazeti lake, geuza spika kidogo zisikutazame usoni moja kwa moja, kwa sababu twita nyingi (vile vispika vidogo vya sauti za juu) ni kali zaidi zikikuelekea. Chumba cha marumaru, vioo na kuta tupu nacho huongeza ukali. Kama mluzi uko upande mmoja tu, zima amplifaya, badilishana waya za kushoto na kulia nyuma yake, washa tena. Mluzi ukihamia spika ya pili, tatizo linatoka kwenye amplifaya au huko kabla yake. Ukibaki palepale, ni spika ile.

Kuna dalili ya kinyume, trebo kukosekana. Usiitafute kwenye rekodi za kale. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwenye santuri za mizunguko 78, na vyombo vya wakati ule havikuweza kunasa sauti za juu. Ukipandisha trebo unaongeza mkwaruzo wa santuri tu. Kwa rekodi ya kisasa, piga kelele ya pinki kwa sauti ndogo na sogeza sikio karibu na twita. Iliyokufa haisemi kitu.

Dalili: muziki unachosha, kila kitu kiko juu wakati wote

Unasikiliza nyimbo mbili tatu, unataka kuzima, na hujui kwa nini. Fungua wimbo kwenye Audacity utazame umbo lake. Wimbo wenye pumzi una vilele na mabonde. Uliokandamizwa ni tofali: bapa juu, bapa chini, toka mwanzo hadi mwisho. Mfano unaojulikana zaidi ni albamu ya *Death Magnetic* ya Metallica, 2008, ambayo mashabiki wenyewe walilalamika kwamba CD imekandamizwa hadi kupasuka, ilhali nyimbo hizohizo ndani ya mchezo wa Guitar Hero zilikuwa na nafasi zaidi.

Redio yako haina kosa, na hakuna waya wa kununua utakaotibu. Nyimbo nyingi za sasa, za hapa na za nje, hutengenezwa hivyo makusudi. Singeli isingekuwa singeli bila kubanwa koo. Furahia nazo, usizipimie. Kwa albamu ya zamani iliyotolewa upya, jaribu kutafuta CD ya toleo la kwanza.

Dalili: besi inavuma noti moja, au haipo kabisa

Hapa ndipo pesa nyingi za watu hupotelea. Besi inavuma, mtu anabadilisha sabufa. Sabufa mpya inavuma vilevile, anaambiwa anunue kubwa zaidi.

Chukua wimbo ambao gitaa la besi linatembea, linapanda na kushuka ngazi bila haraka. Nyuzi nne za gitaa la besi, wazi, zinalia hezi 41, 55, 73 na 98. Sikiliza kama noti zote zina uzito unaokaribiana. Ukisikia "du, du, du, DUUUM, du", na ile DUUUM ni noti ileile kila inaporudi, hata kwenye wimbo mwingine, basi si mpigaji wala si sabufa. Ni chumba chako.

Sauti ikienda na kurudi kati ya kuta mbili zinazotazamana, kuna noti moja inayoingia sawasawa kwenye nafasi hiyo, na hiyo ndiyo inayovimba. Kwenye joto la nyuzi 30, ambalo kwetu pwani ni jambo la kawaida, sauti inasafiri takriban mita 349 kwa sekunde, hivyo hesabu yake ni nyepesi: gawa 175 kwa urefu wa chumba kwa mita. Sebule ya mita 4 inavimba karibu na hezi 44. Ya mita 3 inavimba karibu na 58. Chumba cha mraba, mita 4 kwa 4, ni balaa, kwa kuwa pande zote mbili zinavimba noti moja. Na nyumba zetu za tofali za saruji haziachii besi itoke kama ukuta wa mbao unavyoiachia. Inabaki ndani inazunguka.

Thibitisha kwa mlio unaopanda, kutoka hezi 30 hadi 120, taratibu, huku umekaa mahali pako pa siku zote. Andika unapovimba na unapozama. Halafu simama ukutani, usikilize tena. Noti iliyokuwa imepotea kochini mara nyingi utaikuta imejaa pembeni mwa chumba, hasa kwenye kona. Umepata jibu la yule anayesema besi haipo: ipo, ila amekaa kwenye shimo.

Tiba huanza kwa kusogeza, na kusogeza ni bure. Toa spika kwenye kona na kwenye kabati la TV. Vuta kochi lisigande ukutani, wala lisikae katikati kabisa ya chumba, ambako shimo huwa kubwa zaidi. Sentimita 30 zinaweza kubadilisha kila kitu. Kwa sabufa inayohamishika kuna ujanja wa zamani: iweke juu ya kochi unapokaa wewe, piga wimbo wa besi inayotembea, halafu tambaa sakafuni ukisikiliza pembeni mwa chumba. Pale noti zote zinapolingana ndipo sabufa ihamie. Wajukuu watacheka, waache wacheke. Kapeti na mapazia yatapunguza ukali wa trebo na mwangwi wa makofi, lakini kwa noti ya hezi 44, ambayo wimbi lake lina urefu wa karibu mita 8, pazia ni kama chandarua mbele ya lori.

Kabla ya kuhukumu kwamba besi haitoshi, jua pia spika yako inaishia wapi. Ndogo zenye wufa (koni ya besi) ya inchi 5 nyingi huanza kuchoka kwenye hezi 50 au 60. Uzi wa hezi 41 utausikia bado, kwa sababu sikio linaujenga kutokana na sauti zake za juu, 82 na kuendelea, ila kifuani hautakugonga. Huo ni umbile lake, si ugonjwa.

Na kama besi ni nyembamba mno katika kila wimbo, kila kiti, na hasa kama ilianza baada ya kuhama nyumba au kufungua waya ili kudeki, ruka moja kwa moja hadi dalili inayofuata.

Dalili: mwimbaji hakai katikati

Piga ule wimbo wa mono wa Radio Tanzania. Mono maana yake spika zote mbili zinapewa kitu kilekile, kwa hiyo ukikaa katikati yao bendi nzima inapaswa kusimama kwenye nukta moja mbele yako, hapo ambapo hakuna spika. Rekodi ya zamani ambayo ungeidharau kwa uzee wake inakuwa hakimu bora kuliko stereo ya kisasa, maana haina pa kujificha.

Nukta ikiwa imevutwa upande mmoja, kagua balansi, kisha umbali wa kila spika hadi kichwani pako. Futi ya fundi inatosha. Kama upande wa kushoto kuna ukuta na wa kulia kuna uwazi wa korido, picha itavutwa kuelekea ukutani, na hilo halina dawa zaidi ya kupanga upya sebule.

Nukta ikiwa haipo kabisa, sauti imetanda kila mahali kana kwamba inatoka nyuma ya masikio, tena besi imekonda, waya wa spika moja umegeuzwa. Wufa moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, zinafutana. Zima amplifaya, fuata waya wenye alama kutoka nyekundu hadi nyekundu. Kama rangi ziko sawa na nukta bado haipo, tumia betri ya volti 1.5: gusisha chanya kwenye kichwa chekundu cha spika na hasi kwenye cheusi, kwa sekunde moja tu, spika ikiwa imefunguliwa kutoka kwenye amplifaya. Wufa inapaswa kuruka nje. Ikirudi ndani, kuna aliyewahi kuifungua kabla yako.

Tahadhari moja ya rekodi: stereo za miaka ya 1960 zilipangwa kwa ujasiri wa ajabu. Toleo la stereo la *Rubber Soul* ya The Beatles, 1965, limeweka waimbaji upande mmoja na ala nyingi upande wa pili. Nimeshuhudia spika ikifunguliwa parafujo kwa kosa hilo.

Dalili: sauti inapasuka au inakwaruza

Shusha sauti hadi ya mnong'ono, piga sehemu ileile. Ikikwaruza bado, tena kwenye sekunde ileile, kasoro imo ndani ya faili. Thibitisha kwa earphone za waya. Ikipotea, amplifaya imefika mwisho wa nguvu zake au spika imechoka. Usiendelee kuilazimisha, kwa maana amplifaya inayopasuka ndiyo inayounguza twita. Jioni umeme unaposhuka, amplifaya nyingi za kawaida huanza kupasuka mapema zaidi kuliko mchana, kwa hiyo rudia jaribio saa tano asubuhi kabla ya kuhukumu.

Ukiona watu wanapendekeza *1812* ya Tchaikovsky, ile ya Telarc ya 1979 yenye mizinga ya kweli, fahamu kwamba kampuni yenyewe iliweka onyo kwenye jalada. Okestra inapigwa kwa utulivu, unapandisha sauti, kisha mzinga unakuja. Nimeona wufa ikitoka na kutorudi.

Dalili: kitu kinatetemeka kwenye noti fulani

Mara tisa kwa kumi ni luva za dirisha, kioo cha kabati la vyombo, au fremu ya picha ya harusi. Piga mlio unaopanda, mtu mwingine azunguke akishika vitu kimoja kimoja. Ukishika kitu kikanyamaza, umemkamata. Kipande cha kitambaa kinatosha. Kama mtetemo unatoka kwenye spika yenyewe, kaza parafujo zake, kisha tazama ukingo wa wufa. Sponji yake huchakaa na kupasuka kwa unyevu na joto la pwani, na mafundi wa kuibadilisha wapo.

Dalili: mngurumo na mvumo kukiwa kimya

Rekodi haina uwezo wa kukuungurumia ikiwa imesimamishwa. Mvumo wa upepo unaoanza wimbo unapoanza na kukoma unapokoma ni wa kanda waliyorekodia. Usioisha ni wa vyombo vyako. Mngurumo wa hezi 50 au 100 unatokana na umeme. Chomoa waya zote zinazoingia kwenye amplifaya. Ukinyamaza, rudisha mmoja mmoja. Mkosaji mara nyingi ni TV au king'amuzi, au simu iliyo kwenye chaja huku imeungwa kwa waya. Usikate pini ya tatu ya plagi hata fundi akikushauri. Pini hiyo ndiyo inayokulinda wewe.

Dalili: mpya inaonekana bora kuliko ya zamani, lakini huna hakika

Tofauti ya desibeli moja haisikiki kama sauti kubwa zaidi. Inasikika kama sauti nzuri zaidi, na wauzaji wanalijua hilo. Ukilinganisha spika mbili, piga kelele ya pinki, pima kwa programu ya kupima sauti kwenye simu ukiwa hapohapo kwenye kiti, ulinganishe, ndipo upige nyimbo zako. Ukilinganisha rekodi mbili kwenye huduma ya mtandaoni, acha iwashwe ile sehemu ya kusawazisha sauti za nyimbo, la sivyo ile iliyokandamizwa itashinda bila haki. Andaa na bando: muziki wa ubora wa CD unaweza kula karibu MB 400 kwa saa.

Jirani yangu nilimpelekea CD zangu tatu. Alikaa kochini dakika ishirini bila kusema neno, mluzi haukutokea, akaanza kupiga goti kufuata mi-solo. Nikamwambia kwamba tungekuwa na zile za zamani tungezilinganisha vizuri, kwa kelele ya pinki na kila kitu, ajue kama pesa yake ilikuwa na maana. Akampigia shemeji yake simu hapohapo. Shemeji akamjibu kwamba spika zinalia vizuri mno, yeye anapigia CD, na kwamba zimeshaahidiwa kwenye harusi ya binti yake wiki ijayo.